Sanaa ya Maneno ni Mali ya Nani?

Katika viumbe vyote vya dunia hii, mwanadamu peke yake amepewa neno. Mbwa hubweka, ndege hulia, simba hunguruma; lakini hakuna hata mmoja kati yao awezaye kuwasimulia watoto wake habari za babu zake, wala kumwambia mwenzake: Jana nilikosa, unisamehe. Kitabu cha Mwanzo chaeleza kwamba Mungu aliwaleta wanyama mbele ya mtu wa kwanza, aone atawaitaje. Mungu angaliweza kuwapa majina yeye mwenyewe. Hakufanya hivyo. Alipenda mtu atumie kinywa chake na akili yake, naye akayakubali majina yaliyotoka kinywani mwa mtu.

Basi neno ni zawadi, na zawadi hiyo yataka kulelewa. Mtoto hazaliwi akijua kusimulia hadithi ikapendeza, kutunga wimbo, kutega kitendawili, kusema mbele ya wazee bila kutetemeka, kusoma kitabu na kuandika barua. Mambo hayo yote ni sanaa ya maneno, na kila sanaa hufundishwa. Hapo ndipo yanapozaliwa maswali mawili. La kwanza: Nani ana haki ya kufundishwa sanaa hiyo? La pili: Yafundishwe maneno ya nani?

Mtu aweza kudhani kwamba hayo ni maswali ya walimu wakubwa wa mijini. Sivyo. Maswali hayo hujibiwa kila siku katika kila kijiji chenye shule, hata kama hakuna aliyeyataja. Mwalimu huyajibu anapochagua mtoto wa kusimama na kusoma. Baba huyajibu anapochagua mtoto wa kununuliwa daftari. Watoto wenyewe huyajibu wanapomcheka mwenzao aliyetamka neno kwa namna ya kwao. Mkatekumeni anayejitayarisha kupokea ubatizo yafaa ayafikiri vizuri, kwa maana yahusu haki, na haki ni deni la kila Mkristu.

I. Hakuna kabila lisilo na maneno mazuri

Zamani watu wengine walisema kwamba Waafrika hawakuwa na elimu ya maneno mpaka ilipofika karatasi. Habari hiyo si kweli, na amri ya nane yakataza kuwasingizia watu, hata kama waliosingiziwa wamekwisha kufa.

Katika nchi ya Baluba wa Katanga kulikuwa na chama cha watu wa kumbukumbu kilichoitwa Mbudye. Watu hao walikuwa na ubao mdogo wa kushikwa mkononi, uitwao lukasa, uliopambwa kwa ushanga na simbi, au kuchongwa alama. Mwenye kuujua alipitisha kidole chake polepole juu ya ushanga, na kila alipogusa alikumbuka: huyu ni mfalme fulani, hapa alivuka mto, hapa aliweka sheria. Alisoma kwa kidole na kwa kinywa. Kwa Balega, upande wa Kivu na Maniema, kulikuwa na kamba iitwayo mutanga. Juu yake vilitungikwa vitu vidogo vidogo, vipande vya miti, manyoya, magamba, na kila kitu kilishika methali yake. Mzee aliposhika kitu kimoja, methali ilitoka, na baada ya methali yakaja mafundisho.

Wanyanga nao, katika misitu ya Kivu, wana masimulizi marefu ya shujaa Mwindo, mtoto aliyekataliwa na baba yake mwenyewe. Mwaka 1956 msimulizi Shekarisi Rureke aliyasimulia yote, akiimba na kucheza, kwa muda wa siku kumi na mbili, na maneno yake yakaandikwa. Mwaka 1969 Daniel Biebuyck, mtaalamu Mbelgiji, pamoja na Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga, waliyatoa katika kitabu huko Marekani. Leo wanafunzi wa vyuo vikuu vya mbali wayasoma na kuyastaajabia. Rureke alikuwa mtu wa kijijini. Hazina ile ilikuwa kichwani mwake na kinywani mwake, na kama hakuna ambaye angaliketi kumsikiliza, sehemu yake kubwa ingalikwenda naye kaburini.

Lakini ni lazima kusema ukweli wote. Shule zile za wazee hazikuwa wazi kwa kila mtu. Lukasa ilisomwa na wale tu waliotiwa katika chama. Kwa Balega, mafundisho makubwa ya maneno yalikuwa ya watu wa Bwami, na kupanda daraja za Bwami kulitaka mali nyingi. Maskini alibaki chini, akisikia ngoma kwa mbali. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba dhambi ya kuwafungia wengine mlango ililetwa na wageni peke yao. Dhambi hiyo hukaa katika moyo wa mwanadamu, naye huichukua kila aendako, awe na karatasi au asiwe nayo.

II. Mlango mwembamba wa shule ya kalamu

Shule ya kalamu ilipokuja Kongo pamoja na misioni, ilileta mema makubwa. Mfano wake ni Stefano Kaoze, mwana wa nchi ya Marungu, karibu na ziwa Tanganyika. Alifundishwa na Wamisionari wa Afrika, waitwao Mapadri Weupe. Mwaka 1910, alipokuwa bado mwanafunzi wa seminari, maandiko yake juu ya mawazo ya Wabantu yalianza kupigwa chapa kwa Kifaransa. Mwaka 1917 akawekwa kuwa padri, wa kwanza wa wazalendo katika Kongo ya Wabelgiji. Mtoto wa kijiji cha mlimani alipewa kalamu, akaitumia kueleza namna watu wake wanavyofikiri. Hayo ndiyo matunda ya mlango uliofunguliwa.

Hata hivyo mlango ule ulikuwa mwembamba. Kwa miaka mingi wavulana wengi waliishia darasa za chini, wakijua kusoma na kuhesabu kidogo tu. Wasichana walifundishwa zaidi kushona, kupika na kulea watoto, kazi njema zote. Lakini vitabu vya elimu ya juu havikufika mikononi mwao. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954. Mwanamke wa kwanza wa Kongo kupata hati yake pale, Sophie Kanza, aliipata mwaka 1964, miaka minne baada ya nchi kujitawala. Mwaka 1966 alikuwa waziri. Katika miaka ile ile ya 1960 kijana Clémentine Nzuji aliwakusanya huko Kinshasa vijana watunzi wa mashairi, na mwaka 1969 kikatoka kitabu cha mashairi yake mwenyewe. Je, akili za wanawake hao zilizaliwa mwaka 1964? Hapana. Akili za mama zao na bibi zao zilikuwa hivyo hivyo. Ila hakuna aliyewaita waingie.

Kulikuwa na mlango mwingine, nao ulifungwa kwa aibu. Katika shule nyingi za Afrika mtoto aliyeponyokwa na neno la lugha ya mama yake aliadhibiwa, au alivishwa kitu shingoni ili wenzake wamcheke. Yafaa kujua kwamba aibu hiyo haikuwapata watu weusi tu. Katika nchi ya Ufaransa, watoto wa Bretagne walivishwa alama kama hiyo kwa sababu ya kusema Kibretoni shuleni. Katika Ubelgiji yenyewe, Waflandri walishindana miaka mingi kabla ya chuo kikuu cha Ghent kuanza kufundisha masomo yote kwa lugha yao, mwaka 1930. Mwenye nguvu, popote alipo, hudhani kwamba lugha yake ndiyo akili, na lugha ya jirani ni kelele.

Siku hizi sheria imeupanua mlango. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 yasema kwamba shule ya msingi ni ya lazima, na katika shule za serikali haina malipo. Mwaka 2019 serikali ilianza kulitekeleza neno hilo. Katiba hiyo hiyo yazitaja lugha nne za taifa, yaani Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba, na kuiagiza serikali izilinde na lugha nyingine za nchi, ambazo ni zaidi ya mia mbili. Mwaka 2022 ikatoka sheria ya kulinda haki za Batwa na wenzao wa misituni. Lakini sheria hufika mpaka mlangoni mwa darasa. Ndani ya darasa hutawala moyo wa mwalimu na mioyo ya watoto.

III. Kuwapa wote sawasawa, au kumpa kila mtu haki yake?

Na ifikiriwe shule moja ya kijiji. Watoto ni sitini, kitabu cha kusomea ni kimoja. Mwalimu ni mtu mwema, hapendi ubaguzi. Asema: Kila mtoto atasoma mstari mmoja, wote sawasawa. Basi mtoto wa karani, ambaye nyumbani ana vitabu, asoma mstari wake upesi na kusifiwa. Msichana aliyeamka kabla ya jua kuchota maji na kumbeba mdogo wake afika amechelewa. Zamu yake imepita. Mtoto wa Kitwa asimama, atamka neno la kwanza kwa sauti ya kwao, darasa lote lacheka, naye aketi asimalize. Mtoto asiyeona vizuri hawezi kuzitambua herufi. Kila mmoja amepewa mstari mmoja. Je, haki imetendeka?

Mama mwenye watoto watatu ajua jibu. Mmoja anyonya, mmoja ni mgonjwa, mmoja ana nguvu na atoka shambani. Hawapi wote sahani moja ya ugali kwa kipimo kimoja. Anayenyonya humpa ziwa, mgonjwa humpa uji, mwenye nguvu humpa ugali. Vipimo ni mbalimbali kwa sababu upendo ni mmoja. Angewapa wote ugali, mtoto mchanga angalikufa, na mama angalibaki akijisifu kwamba hakupendelea mtu.

Mtakatifu Paulo aliwafundisha Wakorinto kwamba mwili ni mmoja na viungo ni vingi, na kwamba viungo vinavyoonekana kuwa dhaifu ndivyo vinavyohitajiwa na kupewa heshima zaidi. Hakusema kwamba jicho ligeuke sikio, wala kwamba mguu ufanye kazi ya mkono. Alisema kwamba jicho haliwezi kuufukuza mkono. Ndivyo ilivyo katika shule ya maneno. Wenye sauti nzuri si wote, wala wenye kumbukumbu, wala wenye mwandiko mzuri. Wahenga walisema: Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kazi ya mwalimu ni kutafuta kila mtoto amepewa nini.

Historia yaonyesha mali inayopatikana mtu anapotafuta hivyo. Katika karne ya 18, Padri Charles-Michel de l'Épée aliona kwamba viziwi wa Paris wameachwa bila masomo, watu wakidhani kwamba asiyesikia hawezi kuelewa. Yeye alizitazama ishara za mikono yao, akajifunza kwao, akawafungulia shule bila malipo. Karne iliyofuata, Louis Braille, mwana wa fundi wa matandiko ya farasi, aliyepofuka alipokuwa mtoto mdogo kwa kujiumiza na chombo cha kazi cha baba yake, alitengeneza herufi za nukta zilizoinuka, zisomwazo kwa kidole. Alizitangaza mwaka 1829, akiwa kijana wa miaka ishirini. Kabla ya hapo vitabu vya vipofu vilikuwa herufi kubwa za kawaida zilizoinuliwa, kubwa mno na nzito. Wenye macho walikuwa wamewapa vipofu herufi zao wenyewe, wakadhani kwamba hiyo ni haki. Kipofu alipopewa nafasi ya kufikiri, alipata njia iliyomfaa. Mluba aliyeisoma lukasa kwa kidole angalimwelewa upesi.

Yezu Kristu alitoa mfano wa watumishi waliokabidhiwa talanta. Mmoja alipewa tano, mwingine mbili, mwingine moja. Bwana wao hakuwapa sawasawa, na hakudai faida sawasawa. Aliyeleta mbili na aliyeleta tano walipokelewa kwa furaha moja. Mtumishi aliyehukumiwa ni yule aliyeifukia talanta yake. Mkatekumeni na aulize jambo moja zaidi: Kama ni kosa kuifukia talanta yako mwenyewe, je, si kosa kubwa zaidi kuifukia talanta ya jirani? Anayemcheka mtoto mpaka anyamaze ameshika jembe, naye achimba shimo.

IV. Siku ya Pentekoste kila mtu alisikia lugha yake

Swali la pili lauliza: Yafundishwe maneno ya nani? Eklezya ilijibu swali hilo tangu siku yake ya kwanza. Siku ya Pentekoste watu wa mataifa mengi walikuwa Yeruzalemu. Roho Mtakatifu angaliweza kuwafanya wote waelewe lugha moja, Kiebrania au Kigriki au Kilatini. Hakutaka. Kila mmoja alisikia matendo makuu ya Mungu katika lugha aliyozaliwa nayo. Injili ilikuwa moja, nayo iliingia kwa kila mlango.

Hata hivyo, ndani ya Eklezya wenyewe wapo waliosahau. Karibu mwaka 863 ndugu wawili wa Tesalonike, Sirili na Metodi, walitumwa Moravia kuwahubiri Waslavi. Waslavi hao hawakuwa na maandiko. Sirili alitunga herufi zinazofaa lugha yao, na pamoja na ndugu yake akafasiri Maandiko na sala za Misa. Huko Venezia mapadri wengine waliwakemea, wakisema kwamba Mungu husifiwa kwa lugha tatu tu, zile zilizoandikwa juu ya msalaba wa Bwana. Sirili aliwajibu kwamba mvua ya Mungu huwanyeshea wote, na jua lake huwaangazia wote. Basi kwa nini mataifa mengine yafanywe bubu na viziwi? Walipofika Roma, Papa Adriano II alivibariki vitabu vile vya Kislavi. Sirili alifariki Roma mwaka 869. Metodi aliendelea na kazi katika mateso mengi, na baada ya kifo chake mwaka 885 wanafunzi wake walifukuzwa Moravia. Lakini mbegu haikupotea: wanafunzi wale walikwenda kufundisha kwa Waslavi wengine, na mwaka 1980 Papa Yoane Paulo II aliwatangaza ndugu hao kuwa wasimamizi wa Ulaya nzima.

Kongo pia yawa na ushuhuda wake. Mwaka 1958, huko Kamina, Padri Guido Haazen, Mfransisko, pamoja na waimbaji wake walifanya Misa kwa sauti na ngoma za nchi, nayo ikajulikana duniani kwa jina la Missa Luba. Mwaka 1963 Mtaguso wa Vatikano uliruhusu lugha za watu zitumiwe zaidi katika liturjia. Mwaka 1965 Mtaguso huo huo ulitangaza kwamba watu wote, wa kila rangi, kila hali na kila umri, wana haki ya kupata malezi, na kwamba malezi hayo yalingane na desturi za nchi yao na kuheshimu tofauti za wanaume na wanawake. Mwaka 1988 Roma ilikubali utaratibu wa Misa kwa majimbo ya Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati ule. Humo wahenga wenye moyo mnyofu hukumbukwa pamoja na watakatifu. Kama altare haikuona haya kupokea maneno ya watu hao, shule itaona haya ya nini?

V. Mashaka ya watu, na majibu yake

Wengine husema: Kama kila kabila litaleta hadithi zake na lugha yake, shule itakuwa Babeli, watoto watagawanyika. Jibu: Kinachowagawanya watu ni dharau. Watoto wa makabila matatu waweza kujifunza Kiswahili pamoja ili wasikilizane, na Kifaransa ili wafike mbali. Jambo hilo ni jema na la lazima. Lakini mtoto asiambiwe kwamba ili apate nguo mpya ni lazima atupe ngozi yake. Mtoto wa Kibembe akisikia kitendawili cha Kirega kikifafanuliwa kwa Kiswahili, atapata mambo mawili: lugha ya kukutana, na sababu ya kumheshimu jirani.

Wengine husema: Mkimsifu kila mmoja, kazi mbaya itasifiwa kwa huruma, na sanaa itakufa. Shaka hili lina uzito. Jibu: Haki hudai mlango ufunguliwe kwa wote, haidai kazi zote ziitwe nzuri. Kumsifu mtoto wa maskini kwa hadithi iliyoharibika ni dharau nyingine, iliyojipaka asali; ni kumwambia kwa siri kwamba hakutazamiwa kufanya zaidi. Wazee wa zamani hawakumhurumia msimulizi aliyeruka sehemu. Walimrudisha nyuma, aanze tena. Yule anayestahili kuingia astahili pia kusahihishwa, kwa uvumilivu na bila kuaibishwa.

Wengine husema: Hadithi za kale zina mambo ya uchawi na kisasi, zitamharibia mkatekumeni imani yake. Jibu: Mtume Paulo alifundisha kuyapima yote na kulishika lililo jema. Kipimo hicho ni cha vitabu vyote, vya Ulaya na vya Afrika pia. Masimulizi ya Wagriki wa kale yana miungu wengi na visasi vikali, na Wakristu wa zamani waliyasoma shuleni, wakachukua yaliyo mema. Hadithi ya Mwindo yenyewe huishia katika upatanisho wa mtoto na baba yake, kisha shujaa hufundishwa asijivune. Mwalimu mwenye busara haifichi hadithi. Huifungua pamoja na wanafunzi, na kuwauliza: Hapa mtu huyu alitenda vema au vibaya? Kwa nini?

Wengine, hasa wazazi, husema: Nyimbo na hadithi hazijazi chungu. Mtoto ajifunze kulima na kuhesabu. Jibu: Ni kweli, hadithi haipikwi. Lakini na afikiriwe mjane asiyejua kusoma. Shemeji yake amletea karatasi, amwambia: Weka kidole gumba hapa, ni habari ya kodi. Aweka kidole. Mwezi wa pili ajulishwa kwamba shamba la marehemu mume wake limeuzwa, na alama yake ipo. Aitwa barazani. Yeye ajua ukweli wote, lakini hakuzoea kusimama na kupanga maneno mbele za watu. Atetemeka, alia, na kilio chake chahesabiwa kuwa ushahidi dhidi yake. Shamba limekwenda, na watoto watalala njaa. Asiyefundishwa maneno hunyang'anywa chungu pamoja na chakula kilichomo.

Tena kuna hasara iliyo kubwa kuliko shamba. Mtoto aliyefundishwa kuona haya kwa ajili ya lugha ya mama yake huanza kudhani kwamba Mungu pia huisikia kwa kuudhika. Husali kwa maneno ya kukariri, kama mtu aliyeazima kinywa. Siku ya majonzi, mama yake anapokufa, hana neno la kumwambia Baba yake wa mbinguni, kwa sababu maneno yake ya kweli alikwisha kuyafukia. Shule iliyomfikisha mtu hapo imemwibia, hata kama ilimpa hati.

VI. Mambo yawezekanayo kijijini

Haki hii haingojei vitabu vingi wala fedha kutoka mbali. Mwalimu au mkatekista aweza kubadili zamu za kusoma, aliyekuwa wa mwisho awe wa kwanza, na anayechelewa kwa sababu ya kazi za nyumbani awekewe nafasi yake. Mtoto asiyeona vizuri na aketi mbele, na mwenzake amsomee. Asiyesikia vizuri aketi mahali anapoona midomo ya mwalimu. Mara moja kwa juma darasa lichague mzee mmoja, mwanamume au mwanamke, aje kusimulia. Wazee wa Batwa nao waitwe, na watoto wote waketi chini kuwasikiliza, watoto wa mtemi pamoja na wengine. Anayemcheka msemaji na aonywe palepale, maana kicheko cha dakika moja chaweza kufunga kinywa kwa miaka hamsini.

Baba mwenye daftari moja na watoto wawili asimpe mvulana kwa sababu tu ni mvulana. Maji na yachotwe kwa zamu, na kurasa zigawanywe. Mama asiyejua kusoma asidhani kwamba hana cha kufundisha: mtoto aliyesikia hadithi mia moja jikoni hufika shuleni akiwa amekwisha kujifunza mwanzo, katikati na mwisho wa habari, na mwalimu hujenga juu ya msingi huo.

Tena, hadithi ya mzee ikiandikwa katika daftari, jina la msimulizi liandikwe juu yake, pamoja na jina la kijiji chake. Kuchukua neno la mtu na kulifanya lako ni wizi, na amri ya saba haikuhesabu mbuzi na nguo peke yake. Kwa kuwa jina la Shekarisi Rureke liliandikwa, watu walio mbali sana na Kivu wajua hata leo kwamba hazina ile ilikuwa na mwenyewe.

Siku ya mwisho kila mtu atatoa hesabu mbele ya Mungu, na Bwana alionya kwamba kila neno lisilofaa litahesabiwa. Yapasa kuogopa pia hesabu ya maneno mema ambayo hayakusemwa kamwe: nyimbo ambazo hazikutungwa, sala ambazo hazikupata midomo, ushauri mwema uliobaki kifuani mwa msichana, mwa mlemavu, mwa Mtwa, kwa sababu hakuna aliyewaambia: Simama, sema, twasikiliza. Neno la Mungu lilifanyika mtu katika kijiji kidogo, likajifunza kusema magotini pa mama, kwa lugha ya nyumbani kwake. Watu wa Yeruzalemu walitambua matamshi ya wafuasi wake, matamshi ya Galilaya, na kwa matamshi hayo hayo Injili ikaanza kuhubiriwa duniani.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Katika kijiji hiki, ni watoto gani wasiosimama kusoma wala kusimulia? Nani aliwanyamazisha?

2. Mama aliyewapa watoto wake watatu vyakula mbalimbali alikuwa na haki au alipendelea? Mwalimu ajifunze nini kwake?

3. Mapadri wa Venezia walimkemea Mtakatifu Sirili kwa sababu gani? Je, makemeo kama hayo husikika hata leo?

4. Ni mzee gani hapa mwenye hadithi au methali ambazo hazijaandikwa? Nani atakwenda kumsikiliza juma hili, na daftari gani litaandikwa jina lake?